Mzee Funga Mlango

Mtu anaweza kufanya kazi miaka arobaini na miwili, akapiga picha za maharusi, za vitambulisho, za wahitimu waliofaulu na za waliokodi joho tu, na bado mtaa ukamkumbuka kwa maneno mawili. Mpiga picha huyu alikumbukwa kwa "Funga mlango!"

Si kwamba alikuwa mkali. Mezani alikuwa mtu wa kuomba chumvi kwa sauti ya chini, kana kwamba chumvi ina usingizi. Ila nyuma ya studio yake palikuwa na chumba cha hatua tatu kwa nne, kisicho na dirisha, mlango wake umepakwa rangi nyeusi upande wa ndani na nyuma yake limetundikwa blanketi zito. Humo ndimo alimosafishia picha. Mwanga ukipenya humo hata kwa upana wa unywele, kazi ya juma zima imekwenda na maji. Kwa hiyo kila kishindo na kila kikohozi cha upande wa pili kilipata jibu lile lile, hata mlango ukiwa umefungwa kwa komeo. Watoto wa mtaa waliligeuza mchezo: wanapita, wanabisha, wanasubiri ngurumo, wanatimua mbio. Alipofikisha miaka sitini, waliokuwa bado wanajua jina lake halisi walikuwa mkewe na serikali.

Mkewe alikuwa na mwito mwingine kabisa. Kila Jumapili baada ya ibada, kwa miaka thelathini, aliwafundisha watoto wa kanisa katika chumba cha mbele cha studio, kwa kuwa ukumbi wa kanisa ulikuwa mmoja na watu wazima walikuwa na maneno mengi ya kusemea humo. Watoto walikaa kwenye mabenchi mbele ya pazia la kupigia picha, lililochorwa maporomoko ya maji na ngazi nyeupe zisizofika popote. Kizazi kizima cha mtaa kilikua kikiamini kwamba Musa aliupiga mwamba uliokuwa jirani na ngazi.

Mzee Funga Mlango hakuhudhuria hata somo moja. Alikuwa ndani, gizani, mikono kwenye dawa. Lakini alisikia kila kitu kupitia ubao wa mlango, kama mtu anavyoijua redio ya jirani: alimjua Yona, aliwajua ndege na maua ya kondeni, alijua hata mahali ambapo mkewe angenyamaza kidogo ili watoto wavute pumzi. Picha za siku za Jumapili, mwenyewe alidai, zilitoka safi kuliko za siku nyingine. Hakuwahi kumwambia mkewe. Alidhani yapo mambo ambayo mke anajua tu.

Mkewe alifariki mwezi wa nne. Darasa likamwangukia yeye, kwa sababu ambazo kamati ya kanisa ilizieleza kwa maneno ya kiroho, ingawa ukweli ni kwamba ufunguo wa studio ulikuwa mfukoni mwake.

Basi akafundisha. Alikuwa na daftari la marehemu, lenye masomo yote ya mwaka kwa mwandiko wa duara, na alikuwa na nia. Alichokosa ni kujua kwamba watoto hawahitaji kila kitu. Mpiga picha akipanga watu ishirini kwenye picha moja, hakubali uso hata mmoja ujifiche; na yeye alipofika kwenye habari za kuzaliwa kwa Yesu hakukubali babu hata mmoja arukwe. Wiki tatu alikuwa bado yuko kwenye ukoo. Watoto, waliokuwa kumi na tisa wakati wa mkewe, wakawa saba.

Alhamisi moja bintiye alikuja. Alikuwa mkunga katika zahanati, mama wa watoto wawili, na juu ya hayo alikuwa msimamizi wa madarasa yote ya watoto kanisani, cheo kisicho na mshahara wala shukrani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja na njaa au umekuja na maneno?"

"Vyote viwili."

Akamwekea chai na mkate kwanza. Maneno hayapoi.

"Kamati imekaa jana," alisema binti.

"Kamati ikikaa, ujue kuna mtu atasimamishwa."

"Baba, sikiliza. Wazazi wanasema watoto wanasinzia. Mmoja anasema mwanawe alirudi nyumbani akamuuliza Zerubabeli ni nani, na yeye hakujua. Aliaibika."

"Angekuja na yeye. Benchi lina nafasi siku hizi."

"Wiki tatu, baba! Yesu hajazaliwa mpaka leo!"

"Ukoo ni mrefu. Sikuuandika mimi."

Binti alijitahidi asicheke, akashindwa kidogo, akajificha nyuma ya kikombe. "Kuna yule kijana mwenye projekta. Anawaonyesha katuni ukutani, wanaimba, wanapiga makofi. Kamati inataka achukue darasa mwaka mpya, alipeleke kwao, ana sebule kubwa."

Mzee alilitazama benchi la mbele. Mwisho wake kulikuwa na kimto cha maua ambacho mkewe alikuwa akikikalia, na ambacho hakuna mtoto aliyethubutu kukigusa tangu mwezi wa nne. Darasa likihama, chumba hiki kingebaki na maporomoko na ngazi. Siku hizi mteja alikuja kwa picha ndogo za pasipoti, zinazotoka kwenye mashine kabla hajamaliza kuvaa koti. Jumapili ndiyo ilikuwa saa pekee ambayo kupitia ule mlango palisikika tena sauti za watoto, na kama ukisimama vizuri, ukafumba macho, ukakubali kudanganyika kidogo, palisikika na pumzi ya mtu anayewasubiri.

"Na wewe unataka nini?" alimuuliza bintiye.

Mkunga hajibu haraka. Kazi yake imemfundisha kwanza kupima njia imefunguka kiasi gani. "Nimewaomba Jumapili moja. Somo ni kuzaliwa kwa Yesu, nuru iliyokuja gizani. Nitakuja kusikiliza mwenyewe. Likienda vizuri, darasa linabaki hapa. Lisipoenda, baba, tusilaumiane."

"Nuru gizani," alisema mzee, akijipangusa makombo ya mkate. "Hilo ni somo langu. Watoto wa leo hawalijui giza. Wanalala na taa, wanaamka na simu. Kumhubiria nuru mtu aliyekaa chini ya taa ni kama kumuuzia maji mtu aliyesimama mtoni. Lazima wajue giza kwanza."

"Giza mtoto hafundishwi, baba. Huko ndiko anakotoka. Mimi nawapokea kila siku."

"Wewe unawapokea. Kufundisha ni kitu kingine."

Walikubaliana kutokukubaliana, kama walivyofanya katika mambo mengi kwa miaka mingi. Binti alipokuwa akitoka alipita mbele ya ule mlango mweusi, na bila kujua alifanya alichokuwa akifanya tangu utoto: alisogea upande, akaupita mbali, kama watu wanavyompita mbwa waliyeambiwa kwamba amefungwa.

Jioni ile mzee alifungua daftari la mkewe ukurasa wa somo lenyewe. Alitarajia mambo marefu. Alikuta mistari minne. *Mshumaa mmoja. Usiseme sana. Tone akae karibu nami. Giza wanalijua tayari.* Tone alikuwa mtoto wa jirani, mdogo kuliko wote darasani. Mzee alitikisa kichwa. Mkewe alikuwa mwalimu mzuri, lakini kuhusu giza, kwa heshima zote, hakuwa mtaalamu.

Mtaalamu alikuwa yeye. Na mtaalamu alikuwa na siri ndani ya droo: filamu moja katika kikopo chake.

Aliipiga Desemba iliyopita, siku mkewe alipofundisha somo hili hili kwa mara ya mwisho; somo lilipokuwa linakwisha, mzee alitoka gizani na kamera. Picha thelathini na sita. Mkewe na mshumaa, mkewe na watoto kumi na tisa, na Tone amekaa mapajani mwake kana kwamba ni kiti chake cha urithi. Filamu hiyo hakuwa ameisafisha. Mwanzoni alisema hana dawa. Dawa ilipopatikana, chupa mbili za mwisho kutoka kwa muuza duka aliyeshangaa mwenyewe kwamba bado anazo, alisema ana kazi. Ukweli aliujua: picha ambayo haijasafishwa haiwezi kuwa mbaya. Ndani ya kile kikopo mkewe alikuwa bado anatabasamu kwa namna yoyote aliyotaka yeye.

Sasa aliona kitu kikubwa, na mtu wa makamo yake akiona kitu kikubwa ni vigumu kumzuia. Atawaingiza watoto chumbani. Atazima taa zote. Watalijua giza lenyewe, si giza la kuhadithiwa. Na katika giza lile, mbele yao, ataitoa filamu na kuizungusha kwenye kigurudumu chake, kwa kuwa kazi hiyo haifanyiki penye hata chembe ya mwanga. Ataitia ndani ya chombo, atafunika, atawasha taa, atamimina dawa, na baada ya nusu saa watoto watamwona mwalimu wao ametoka gizani. Kijana na projekta yake angetafuta pa kuficha uso.

Jumapili, watoto saba walikuja. Mzee aliwapanga kwenye benchi kama picha ya pamoja, wafupi mbele. Tone alikuwa mbele ya wote, kidole mdomoni. Nyuma alikaa mvulana wa miaka tisa ambaye nyumbani kwao walimwita Mwanasheria, kwa sababu hakuwahi kukubali kosa lolote bila kwanza kuuliza limeandikwa wapi.

"Leo," alisema mzee, "hatusomi majina."

"Asante, Yesu," alisema mtu nyuma.

"Leo tunaingia mle."

Hakuna mtoto wa mtaa ule aliyewahi kuingia mle. Walikuwa wamegonga mlango ule, wamekimbia, wamesimuliana kwamba ndani kuna mifupa. Wakasimama wote mara moja.

Waliingia wakibanana. Ndani kulikuwa na meza ndefu, sinki, mashine ya kukuzia picha iliyofunikwa kitambaa, kamba yenye vibanio vya nguo, na harufu kali iliyowafanya washike pua. Juu iliwaka taa nyekundu iliyowapaka wote rangi ya nyanya. Wakacheka wakitazamana.

"Tulia. Mezani mnaona vitu vinne." Alivigusa kimoja kimoja kutoka kushoto. "Mkasi. Kigurudumu. Chombo. Kifuniko. Mimi gizani siangalii, nagusa. Kila kitu kikae mahali pake. Mtu asinyooshe mkono. Tumeelewana?"

"Na kama mkono unawasha?" aliuliza Mwanasheria.

"Uwashe mahali pake."

Kisha akainua kile kikopo kidogo mbele ya macho yao. "Mnajua ni nani yumo humu? Mwalimu wenu. Picha zake za mwaka jana. Leo tunamtoa."

Watoto walikitazama kikopo kwa heshima. Tone alikitazama bila kupepesa, akatoa kidole mdomoni. Mzee hakuona. Alikuwa anapiga komeo na kuvuta blanketi. Halafu akazima taa nyekundu.

Giza la chumba kile halikuwa giza la usiku. Usiku una nyota, una ufa wa dirisha, una taa ya jirani asiyelala. Hili lilikuwa giza la kazi, lililotengenezwa kwa mikono, lisilo na tundu. Ukifumba macho na ukifumbua ilikuwa mamoja. Watoto walisema "haa!" kwa pamoja, kisha wakatafuta mikono ya wenzao.

"Sasa," ilisema sauti ya mzee, "dunia ilikuwa hivi. Watu wanasubiri, hawajui wanasubiri nini. Hakuna anayeona njia. Mama yuko zizini, mbuzi wanapumua..."

"Ng'ombe," alisema mtu.

"Na ng'ombe." Kulisikika mkato wa mkasi, kisha mchakacho mwembamba wa filamu ikitoka. Vidole vyake vilijua kazi hii kuliko alivyoijua yeye mwenyewe. Ila vidole navyo vilikuwa vimefikisha miaka sabini na mmoja, na mwaka mzima havikuwa vimeifanya. Filamu iliingia kwenye mfereji wa kigurudumu, ikazunguka mara tatu, ikakwama. Akaitoa. Akaanza tena. Kazi ya dakika mbili ikawa ya tano. Simulizi ikawa inapungua kadiri vidole vilivyohangaika. Mama zizini aliachwa na mbuzi na ng'ombe kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyoandikwa.

Hatimaye ikaingia karibu yote. Alishusha pumzi, akapapasa upande wa kulia. Chombo kipo. Kifuniko hakipo.

Akapapasa tena, taratibu, kama mtu anayetafuta miwani iliyo usoni pake.

"Nani kachukua kifuniko?"

Akaipapasa meza hadi ukingoni.

"Nimeuliza, nani kachukua kifuniko?"

"Kifuniko kipi?" ilisema sauti ya Mwanasheria, na kwa kuuliza hivyo alikuwa ameshakiri. Alikuwa amekivaa kichwani kama kofia, jambo ambalo gizani halikuonekana kuwa kosa. Sasa akakivua kwa haraka ya mtu anayeharibu ushahidi. Kikamponyoka, kikapiga sakafu, kikabingirika kwa ukingo wake, kikazunguka, kikazunguka, kikatulia mahali fulani katika chumba. Mahali fulani ndilo neno baya kuliko yote kwa mtu aliye gizani.

"Mtu asisogee!" alisema mzee. "Msisogee, nitakipata."

Ndipo Tone alipoanza. Hakuanza kwa kilio. Alianza kwa kupumua, pumzi fupi fupi zinazopanda ngazi. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo kila mtu aliisikia: "Mwalimu anaogopa humu. Mtoeni."

"Mwalimu haogopi, mjukuu wangu. Ni picha tu. Subiri kidogo."

"Mtoeni! Mmemfungia! Nataka Mwalimu!" Kilio kikafunguka chote. Kikasikika kikihama, mtoto alikuwa anakimbia katika chumba asichokiona. Kiti kikaanguka. Mtoto mwingine akaanza kulia kwa kumsindikiza.

Mlango ukagongwa kutoka nje. "Baba? Baba, kuna nini humo?"

"Funga mlango!" alinguruma mzee.

Mlango ulikuwa umefungwa. Komeo lilikuwa limepigwa, blanketi limevutwa, na aliyekuwa nje hakuwa amegusa hata kitasa. Miaka arobaini na miwili ilisema yenyewe, bila kumwuliza ruhusa. Watoto wawili walicheka, kwa kuwa hatimaye walikuwa wameisikia ngurumo kutoka ndani. Tone hakucheka. Kilio chake sasa kilikuwa kimejibanza chini, pembeni, kwenye kona ya sinki, na kilikuwa kimekatika. Palibaki kwikwi tu, na kati ya kwikwi moja na nyingine palikuwa na nafasi ndefu mno.

Mzee alisimama na mkewe mkononi, picha thelathini na sita. Kuzifunika hakuweza. Kuzifungia kwapani ndani ya koti angeweza, kama kazi ingekuwa kungoja tu. Lakini palihitajika mkono wa kupapasa ukuta, mkono wa kumbeba mtoto, na mkono wa kushika filamu, na Mungu kwa hekima yake alikuwa amempa miwili.

Hakufikiri sana. Baadaye alipoulizwa, alisema alifikiri, lakini hakufikiri. Filamu ilianguka, aliisikia ikijifungua sakafuni kama jani kavu. Akaenda kwenye kona ile akipita kati ya watoto, mkono mbele, akagusa sinki, akagusa bomba, akagusa kichwa kidogo chenye jasho.

"Ni mimi," alisema. "Babu. Nimekuja. Njoo."

Akamwinua. Mtoto akamshika shingo kwa nguvu ya mtu mzima. Kisha mzee akatembea hatua nne alizozijua, akavuta blanketi, akavuta komeo, akafungua mlango wazi kabisa, kwa bega, mpaka ukagonga ukuta.

Jua la saa nne liliingia bila kubisha. Lilijaza chumba, kuta nyeusi, kamba, vibanio, watoto watano waliokunja macho, na Mwanasheria aliyekuwa amepiga magoti chini ya meza na hatimaye alikuwa amekipata kifuniko. Na lilijaa juu ya filamu, iliyolala sakafuni imejipinda, rangi ya maziwa yaliyochacha. Filamu ikiona mwanga haipigi kelele. Haivunjiki wala haitoi moshi. Inabaki kama ilivyokuwa, na ni mwenye kazi peke yake anayejua kwamba hakuna tena kitu.

Binti alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja hewani mahali ambapo kitasa kilikuwa. Alimtazama baba yake, akamtazama mtoto shingoni mwake, akatazama chini. Alikuwa mtoto wa mpiga picha, hakuhitaji kuelezwa.

"Baba," alisema. "Umefungua mlango."

"Naona," alisema mzee.

Walirudi kwenye mabenchi. Hakuna aliyejua somo limefika wapi, mzee akiwa wa kwanza kutojua. Alikaa mwisho wa benchi la mbele, na kwa kuwa Tone hakukubali kushuka, alijikuta amekalia kimto cha maua. Hakuwa na la kusema, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne hakusema. Watoto wakavuta pumzi.

Msimamizi wa madarasa alikuwa na wajibu wake. "Haya, wanangu. Leo mmejifunza nini?"

"Tusiguse vifuniko vya watu," alisema Mwanasheria, "ingawa haikusemwa wazi kwamba kifuniko ni..."

"Mwingine."

"Mbuzi walikuwepo," alisema msichana mmoja. "Na ng'ombe."

"Kuzaliwa kwa Yesu kunanuka dawa," alisema mwingine, na wote wakakubali.

"Na wewe, Tone? Uliogopa sana?"

Tone aliitikia kwa kichwa. Alifikiri, kidole mdomoni, kisha akakitoa ili alisemalo lisikike. "Mkono ulikuja kwanza," alisema. "Halafu ndio mlango."

Mzee alifungua daftari la mkewe, akatazama ile mistari minne kwa muda mrefu kuliko mistari minne inavyohitaji, kisha akafungua droo ya studio na kutafuta mshumaa. Aliuwasha pale mbele ya maporomoko, mchana kweupe, ambapo haukumsaidia mtu yeyote kuona chochote. Waliutazama hata hivyo. Akawaambia, kwa maneno machache, kwamba usiku ule zizini alizaliwa mtoto, na kwamba hakusimama mlangoni akiwaita watu watoke, aliingia walimo. Kisha akawaruhusu waende. Lilikuwa somo fupi kuliko yote aliyowahi kufundisha, na hakuna aliyesinzia.

Binti alibaki. Alikunja mikono ya gauni, akaingia kwenye kile chumba, akaiokota filamu.

"Dawa unayo?"

"Ya mara moja tu. Ya nini tena? Imeungua."

"Tuisafishe."

"Nakuambia imeungua yote."

"Nimekusikia. Sijawahi kuona inavyofanyika, baba. Nimekaa nje ya mlango huu maisha yangu yote."

Kwa hiyo waliisafisha, mlango ukiwa wazi, kwa kuwa hapakuwa tena na kitu cha kulinda. Alimwonyesha kupima dawa, kutikisa chombo taratibu kama anayebembeleza, kuhesabu dakika. Alishangaa jinsi mikono ya mkunga ilivyo mizuri kwa kazi ile. Filamu ilipotoka waliiosha, wakaitundika kwenye kamba kwa vibanio viwili. Ilikuwa nyeusi tititi, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Nyeusi," alisema binti. "Nilidhani itakuwa nyeupe."

"Kwenye filamu ndivyo nuru inavyotoka. Ikizidi, ndiyo hivyo." Hakuendelea. Alikuwa ameshahubiri vya kutosha kwa siku moja.

Walikaa wakiiangalia ikidondosha maji kwenye sinki.

"Darasa linabaki," alisema binti. "Nitaiambia kamati. Ila humu usiwaingize tena, la sivyo nitakufungia mimi."

"Na projekta?"

"Projekta ina sebule yake."

Mzee akapangusa meza ambayo ilikuwa safi. Akaipangusa tena. "Ile siku," alisema, "ya harusi ya yule mwenye duka la viatu. Ulipofungua mlango."

Binti alikuwa na miaka saba siku ile. Filamu sita ziliharibika, harusi nzima, na baba yake hakumpiga wala hakumkaripia. Alinuna juma zima, jambo ambalo nyumbani kwao lilikuwa na uzito wa kiboko.

"Ulinuna wiki nzima," alisema.

"Nilinuna. Lakini sikukuuliza." Aliweka kitambaa chini. "Ulikuwa umekuja kuniambia nini?"

Mwanamke yule wa miaka arobaini, aliyepokea watoto wa nusu ya mtaa, alitazama sakafu kana kwamba ameulizwa mbele ya darasa.

"Jino," alisema. "Lilikuwa limeng'oka. Nilitaka ulione."

Mzee aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea taarifa muhimu iliyochelewa njiani.

"Lipi?"

"Baba, ni miaka thelathini na tatu."

"Nimeuliza lipi."

Binti akacheka, akafungua mdomo, akaonyesha kwa kidole. Mzee akavaa miwani, akainama, akashindwa.

"Humu sioni," alisema, akamshika mkono. "Sogea hapa mlangoni."